Butoyi Anaangalia Taa

Bujumbura, 27 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mwanao Baba Bukuru, na Butoyi, pacha uliyebaki naye mikononi. Sisi tumefika, alhamdulillahi, ingawa kule Gitaza udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. Tulishushwa wote, nikavuka kwa miguu na Bukuru kifuani, matope yakinifika magotini.

Bukuru amepewa kitanda hospitalini. Daktari alimpima kichwa kwa utepe, halafu akapitisha kile chombo chao juu ya utosi na kunionyesha kwenye kioo. Maji yamejaa ndani ya kichwa, Mama. Anasema yametokana na ile damu iliyovuja ubongoni walipozaliwa kabla ya miezi yao. Iliziba njia ambayo maji hupita. Watamwekea mrija mwembamba wa kuyashusha hadi tumboni. Lini, hawajasema. Macho yake bado yanatazama chini tu, kama tulivyoyaona nyumbani.

Kumwacha mmoja na kuondoka na mwingine kumeniumiza kuliko nilivyofikiri. Ziwa la upande wa Butoyi linajaa maziwa na mwenyewe hayupo. Shangazi yangu wa Buyenzi ananiletea chakula, lakini sahani inarudi imejaa.

Unajua kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya nyumba yetu inasikilizwa na ua mzima, na jirani yetu Zainabu hujibu hata kabla yako. Habari za watoto hawa sitaki zijibiwe na watu. Dereva Hakimu amekubali kutubebea barua kila gari lake linapopata mafuta ya esansi. Niandikie yote, mazuri na mabaya. Butoyi ananitafuta? Mtu akiingia, anageuza uso kumwangalia?

Mwanao,
Yasmini


Rumonge, 5 Mei 2025

Mkwe wangu,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Magoti yangu ndiyo yanalalamika, na hayo yalianza kulalamika kabla hujaolewa. Ziwa nalo limezidi: maji yameingia hadi kwenye choo cha Zainabu, naye anatutazama vibaya kana kwamba ni mimi niliyeyasukuma. Nimemjibu. Waliokuwa karibu wamesikia.

Sasa Butoyi. Huyu mtoto ni mlafi! Biberoni ya maziwa anaimaliza na bado ananyonya hewa. Shavu limekuwa hili hapa, ungemwona ungemng'ata. Nikianza kuongea tu, anatulia, anakunja mdomo, anacheka. Na wewe unajua mimi huanza kuongea alfajiri na kumaliza ninapolala, kwa hiyo anacheka siku nzima. Juzi nilimbeba mgongoni nikaenda naye sokoni kuuza visamaki vyangu vya ndagala. Kelele zile zote, wanawake wale wote na nguo zao za rangi, na yeye akalala fofofo. Hakufumbua hata jicho moja. Wenzangu wakasema, "Mama Anwari, uyu mutoto iko mupole sana."

Umeuliza kama anageuza uso. Anageuza. Baba yake akiingia na kusema salaam, kichwa kinakwenda mlangoni mara moja. Kwa hiyo lala, mwanangu. Kula chakula cha shangazi yako. Mungu amekupa mgonjwa mmoja, usitafute wa pili.

Niambie siku ya upasuaji, nipate kukaa na tasbihi yangu.

Mama yako,
Mariyamu


Bujumbura, 15 Mei 2025

Mama yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Nashukuru kwa dua zako. Upasuaji umefanyika. Nilimtoa Bukuru mikononi mwangu asubuhi na kumpokea mchana, amefungwa kichwa, nyuma ya sikio ana kauvimbe ambapo mrija umepita. Utosi umelegea. Macho yamepanda juu. Kwa mara ya kwanza ameniangalia, Mama. Nililia mpaka mwuguzi akanitoa nje.

Lakini tangu jana ana homa na wanasema huenda mrija umeingiwa na wadudu. Hatuwezi kurudi sasa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Huku yuko kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Benita, anayefanya kazi na watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Alikuja na kitambaa chekundu, akakatisha maneno yangu kwa kidole mdomoni, akakiinua mbele ya Bukuru bila sauti yoyote. Bukuru alikawia, halafu akakifuata. Ndipo akaniuliza, "Na pacha wake?" Nikasema yuko nyumbani, mzima, anacheka ukimsemesha. Akauliza, "Na usipomsemesha?"

Mama, nisamehe nikikutuma kama mtoto. Naomba ujaribu. Akiwa ameshiba, kaa mbele yake karibu, usiseme neno, usiguse kitu. Uangalie kama anakuona. Halafu sogea taratibu upande mmoja, uangalie kama macho yanakufuata. Niandikie ulichokiona, kiwe chochote.

Mwanao,
Yasmini


Rumonge, 26 Mei 2025

Yasmini mkwe wangu,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumba hii, na mtoto Bukuru namwombea homa itoke leo kabla ya kesho. Hakimu amekaa kwenye foleni ya esansi siku nyingi hizi, ndiyo maana nimechelewa. Usije ukasema ni uvivu.

Huyo kine wako nimemsikia. Mimi nimelea watoto wangu, nimelea wa dada yangu, sijawahi kuona mtu anakaa mbele ya mtoto mchanga amefunga mdomo kama askari. Mtoto ataogopa. Lakini usihangaike, jibu lako limekuja lenyewe, na limekuja kwa furaha.

Unajua ziwa limefungwa, serikali imezuia uvuvi ili samaki wazaane. Mume wako amerudisha nyumbani taa za mtumbwi, zile kubwa za sola za kuvutia ndagala usiku. Ijumaa alikuwa anazifuta sebuleni. Akawasha moja kuijaribu, na Butoyi alikuwa pale kwenye mkeka. Yasmini, mtoto alikaza macho! Alikaza! Hakupepesa. Anwari akaisogeza kushoto, macho yakaenda kushoto. Akairudisha, yakarudi. Anwari akapiga kelele, "Anaona! Mama, njoo, anaona! Iko anakuya ku taa kama ndagala!" Ua mzima ulikuja. Zainabu naye, pamoja na maneno yake yote, alipiga kigelegele. Tulimwonyesha taa ile kila mtu kwa zamu, na kila mara aliikazia macho. Mtoto kipofu anaweza hivyo?

Tangu siku hiyo akilia tunamwashia taa, ananyamaza papo hapo. Baba yake amepata raha ambayo sijaiona kwake tangu wazaliwe. Usimharibie.

Mama yako,
Mariyamu


Bujumbura, 3 Juni 2025

Mama,

Salaam alaikum. Bukuru homa inapanda na kushuka, anapewa dawa kwa sindano. Mimi mzima wa mwili.

Nilimsomea Benita barua yako, pale palipoandikwa habari za taa. Nilikuwa nacheka nikisoma. Yeye hakucheka. Aliweka chini alichoshika, akaniomba nirudie.

Nisikilize, Mama, tafadhali. Anasema jicho la mtoto linaweza kuwa zima kabisa, lakini njia ya kutoka jichoni kwenda ndani ya ubongo ikawa imeumia, na hilo huwapata hawa wanaozaliwa kabla ya miezi, hata yule ambaye kichwa chake hakikuvimba. Mtoto wa namna hiyo hung'ang'ania mwanga kwa sababu mwanga ndio kitu chepesi kukipata. Uso wa mtu una vitu vingi, macho, meno, kilemba, na vyote vinacheza kwa pamoja. Ubongo wake unashindwa, anauacha. Sokoni ndiyo kabisa, anafunga macho alale. Mama, hukuniambia mwenyewe kwamba alilala sokoni? Kukazia taa macho hakutuambii kama anaona mengine. Huenda ndiyo dalili yenyewe. Na tukizidi kumpa taa, anazidi kubaki kwenye taa.

Baba Bukuru anajua ndagala wanavyoifuata taa. Butoyi si ndagala.

Naomba taa iondolewe leo hii. Naomba ujaribu kukaa mbele yake kimya, umevaa baibui lisilo na maua, redio imezimwa. Na zaidi ya yote naomba umlete. Benita anasema mapema ni bora, kwa kuwa ubongo wa mtoto bado unajijenga na unaweza kufunzwa njia nyingine. Kila wiki inayopita inanichoma.

Nimeandika bila adabu, najua. Nina hofu.

Yasmini, mwanao


Bujumbura, 17 Juni 2025

Mama,

Amani iwe nanyi. Hakimu amekuja na kurudi, amekuja tena, na mkononi hana kitu. Nilimuuliza kama amekupa barua yangu. Anasema alikupa sokoni, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaitia kifuani.

Nimempigia Baba Bukuru. Anasema, "Mama amesema mtoto yuko salama." Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema mtandao unakatika.

Taa imeondolewa? Nijibu hilo tu.

Yasmini


Rumonge, 20 Juni 2025

Yasmini,

Nakusalimu kwanza, kisha nitagomba.

Barua yako niliisoma. Kwamba nilikaa kimya usidhani sikuwa na la kusema, mimi la kusema halinipungukii. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kukuumiza, na sijaipata, kwa hiyo itaumiza kidogo.

Unataka nini kwangu? Niwe na wajukuu wawili wagonjwa badala ya mmoja? Huyu mmoja anakula, ananenepa, anacheka. Ni yeye aliyeniamsha asubuhi zile ambazo simu yako haikupatikana na mimi nikidhani Bukuru amefariki. Nikimtazama huyu ndipo napata nguvu ya kwenda sokoni. Sasa unaniandikia kutoka huko mbali, hujamwona tangu Aprili, kwamba naye amevunjika ndani mahali pasipoonekana.

Na wewe mwenyewe ulisema daktari aliwaambia mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabu umri wake kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa. Basi hesabu. Ukihesabu hivyo, Butoyi bado ni mchanga sana. Atachelewa, ndiyo. Mbona huko kuchelewa unakukubali kwa meno na kukaa, kwa macho hukukubali?

Barabara imekatika tena upande wa Muhuta, esansi hakuna, na hospitali imejaa magonjwa ambayo mtoto huyu hana. Zainabu anasema mtoto wa dada yake aliingia na kikohozi akatoka na kingine kibaya zaidi.

Taa haijaondolewa. Anwari ameitundika juu ya kitanda chake. Ndiyo inayomtuliza, na mimi sina moyo wa kumwambia mwanangu aishushe.

Nimemaliza kugomba. Kula.

Mama


Bujumbura, 23 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na nakubusu mkono. Umegomba vizuri na sikulaumu kwa hilo.

Sitasema tena habari za ubongo. Nataka kukukumbusha mambo ya nyumbani kwetu.

Siku ya kuwanyoa watoto, Butoyi alikuwa na mafua. Mimi nilitaka tumnyoe Bukuru peke yake, mwenzake asubiri. Ulikataa. Ulirudisha kinyozi kutoka mlangoni, tukangoja mpaka wote wawili wakawa wazima. Zainabu alipoleta kofia moja ya sufu, hukuipokea mpaka alipofuma ya pili. Bukuru alipochomwa chanjo, uliwaambia wauguzi, "Na mwenzake leo leo, mapacha hawafanyiwi nusu. Mukifanyia mumoja, mufanyie na mwingine." Wakacheka, wakafanya. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema aliyenyimwa huugua kwa kijicho, na anayeugua humvuta mwenzake.

Bukuru amepimwa macho, Mama. Amepimwa kwa kitambaa, kwa dawa ya matone, kwa mashine ya kupitia utosini. Wamempima mwanzo mpaka mwisho. Butoyi hajapimwa kitu.

Siombi kwa jina la kine wala la daktari. Nadai haki ya Butoyi kwako, kwa sheria yako wewe.

Mwanao,
Yasmini


Rumonge, 27 Juni 2025

Mkwe wangu,

Salaam. Naandika kwa haraka, Hakimu ananisubiri nje na injini inawaka, esansi inapotea.

Tunakuja Jumatatu inshallah. Butoyi mgongoni, na mimi na magoti yangu. Barabara ikikatika tutavuka kwa miguu kama ulivyovuka wewe.

Usifikiri sikuona ulivyonizunguka. Niliona tangu kwenye neno "kinyozi". Umeolewa kwangu muda mfupi, tayari unanipiga kwa fimbo yangu.

Jana nilivaa baibui. Nilimtoa Anwari, nikazima redio, nikashusha taa mwenyewe. Nikakaa mbele ya mtoto karibu hivi hata pumzi yake naisikia. Nikafunga mdomo. Nilikaa muda mrefu, Yasmini.

Sitaandika nilichoona. Tutapimwa Jumatatu.

Mama yako


Bujumbura, 14 Julai 2025

Mama yangu,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi. Natumaini mmefika Rumonge salama na Butoyi hakukuchosha njiani. Nilisimama pale kituoni mpaka gari likapinda, kisha nikarudi kwa Bukuru. Homa yake imeshuka kwa siku kadhaa mfululizo. Wakiridhika na vipimo vya maji ya kichwa, watabadilisha mrija na tutarudi. Wodi ingekubali watoto wawili ningewabeba wote, unajua hivyo.

Kwanza nisamehe kwa neno nililokuambia pale kwenye veranda ya hospitali. "Ungemleta nilipokuita" halikuwa neno la kumwambia mtu aliyevuka matope na mtoto mgongoni. Ulikaa kwenye benchi hukujibu, na kimya chako kiliniogopesha kuliko majibu ya daktari.

Nimemwomba Benita anirudie yote taratibu ili nikuandikie, maana siku ile hakuna kati yetu aliyesikia vizuri. Macho ya Butoyi ni mazima. Aliyeyaangalia kwa taa na matone hakuona kasoro. Ile picha ya utosini imeonyesha vidonda vidogo vilivyokauka, pale pale njia za kuonea zinapopita. Vilitokea siku zile za mwanzo, walipokuwa kwenye mashine ya kuwapa joto. Hakuna mtu aliyevisababisha, Mama. Si taa, si soko, si mimi, si wewe. Taa ilituficha tu.

Nilimuuliza daktari, ataona? Akasema, "Sitakuahidi." Anasema wako watoto waliojifunza kuona nyuso, vikombe, hata njia ya kwenda nyumbani kwao, na wako waliobaki na kidogo. Miezi hii ndiyo ya kufanya kazi. Sikulala kwa neno hilo, lakini sikufa.

Kazi ni hii. Chumba cha kwako, pazia jeusi nyuma ya mahali unapokaa. Kitu kimoja tu kwa wakati, cha rangi moja, na kila siku kiwe hicho hicho: kile kikombe chake chekundu. Ukisogeze kidogo kidogo, kwa upande, ungoje. Anakawia, usimkatize. Kwanza atageuza uso pembeni, usidhani amekataa; ndivyo anavyotafuta. Kikombe kikishazoeleka, ndipo uso wako, usio na miwani wala kilemba cha maua. Akichoka, acha.

Na la mwisho ndilo gumu. Butoyi hawezi kusikiliza na kuangalia kwa pamoja. Ubongo wake unashika kimoja. Akisikia sauti yako anaikimbilia sauti, kwa kuwa ndiyo anayoijua na kuipenda, na macho yanalala. Ukitaka akuone, Mama, itabidi unyamaze.

Najua nimekuomba kitu kigumu kuliko safari.

Mwanao anayekupenda,
Yasmini


Rumonge, 9 Agosti 2025

Yasmini mwanangu,

Wa alaikum salaam, kwako na kwa Bukuru mwenye mrija mpya. Tulipopata habari kwamba mrija umefanya kazi, Anwari alichinja jogoo, yule mwenye hasira aliyekuwa anamdonoa kila mtu. Hata Zainabu alikula.

Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu sikutaka kukuandikia hewa. Tulipofika niliitoa taa nyumbani, nikampelekea Anwari kule Kigwena anakokamua mawese siku hizi ziwa likiwa limefungwa. Aliishika tu, akaigeuza geuza, halafu akaifungia kwenye gunia. Usiku huo Butoyi alilia kuitafuta, na uliofuata. Nilimbeba nikitembea naye, ndani ya moyo nikikutukana wewe na kine wako.

Chumba nimekipanga kama mlivyosema. Baibui langu la zamani ndilo pazia. Kikombe chekundu kila siku asubuhi, akishashiba. Na mimi kimya. Yasmini, hamjui mlichonifanya. Siku za mwanzo ulimi uliniwasha. Nilikuwa natoka pale naenda nyuma ya nyumba kuongea na kuku. Watu wa ua walianza kujiuliza, na wiki ya pili wanawake wa sokoni walikuja wamefunga vitambaa, wameshika sukari na majani ya chai, wakaketi chini. Nikauliza, "Kuna nini?" Wakaniambia, "Pole, Mama Anwari. Tumesikia nyumba imenyamaza. Nani amekufa?" Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa nao chini. Halafu nikawaambia ukweli wote, kwamba Butoyi haoni kama wengine na anafundishwa. Nilikuwa naogopa sana siku hiyo ya kuwaambia. Walimaliza chai yao, na sasa wakipita karibu na dirisha langu asubuhi wanashusha sauti zao. Wamemkataza hata muuza mkate asipige honi.

Kikombe alianza kukitafuta. Si kila siku. Leo anakifuata, kesho anakaa kama jiwe, na mimi namaliza siku nikiwa na kisirani na watu wote. Mara mbili nilitaka kuacha. Nilisema moyoni, huyu mtoto anajua mimi ni nani, ananijua kwa sauti na kwa mgongo, inatosha, uso wangu wa nini? Halafu nikafikiri siku ambayo sitakuwa na sauti. Nikarudi kukaa.

Jana, Ijumaa, alipomaliza kikombe hakuonekana amechoka. Nikakiweka chini nyuma yangu. Nikavua miwani. Nikamsogezea uso wangu, hivi ulivyo, na mikunjo yake. Akageuza kichwa dirishani. Nikangoja. Nikasema moyoni, haya, amekataa. Halafu macho yakaanza kurudi. Yalikuja polepole, yakapita kwenye bega langu, yakarudi nyuma, yakapotea, yakaja tena. Yakafika usoni kwangu. Yakakaa hapo. Kwenye paji la uso kwanza, pale nywele zinapoanzia. Kisha yakashuka.

Nilikuwa na maneno mengi, mwanangu. Jina lake lilikuwa mdomoni. Nilikuwa na kigelegele ambacho wangekisikia hadi Minago. Machozi yalinitoka yakaingia mdomoni na sikuthubutu hata kuyafuta, nisije nikamtikisa.

Anwari aliingia kutoka Kigwena wakati huo huo, akanikuta nalia. Akafungua mdomo kuuliza. Nikamwinulia mkono anyamaze. Tangu nimzae hajawahi kunyamazishwa na mimi kwa mkono, maana mimi humnyamazisha kwa kelele. Akamwangalia mtoto, akaangalia mahali mtoto anapoangalia, akavua viatu akakaa pale pale mlangoni. Tukakaa watatu bila neno, mpaka Butoyi mwenyewe alipotosheka na mimi akafumba macho.

Mama yenu,
Mariyamu